Sufuria ya Gundi

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu, Sindano yangu,

Wiki tano na siku mbili! Kabla ya kuanza barua hii nimeandika "mume wangu" mara tatu kwenye karatasi ya kujaribia, nione neno hilo linavyokaa. Linakaa vizuri. Nikaliandika na la nne kwa uroho tu.

Unasema huko kwenye ukumbi unakoshona viti simu hazishiki. Wengine wangenuna, mimi nimeshukuru. Simu huwezi kuiweka chini ya mto ikanukia mkono wa mtu. Barua ni yetu wawili.

Leo alasiri nimefungua karakana kama ulivyoniagiza, nikafuta vumbi, kisha nikakaa kwenye lile kochi jekundu la mteja ambalo hujalimalizia misumari. Harufu ya sponji na gundi, ambayo wenzangu wanaikunjia pua, kwangu ni manukato, maana ndiyo harufu ya shati lako. Halafu, nyuma ya rundo la sponji, nimekuta nini? Kikombe chako! Cha bati, chenye ukingo wa buluu, na pembeni blanketi limekunjwa vizuri. Nikajua hapa ndipo mume wangu anapopumzisha mgongo. Chai ilikuwa haijakauka hata, na wewe umeondoka siku sita. Nikasema, jamani, hata chai yake inamngoja. Nikakibusu kikombe pale kwenye ukingo, nikakiosha, nikakirudisha mahali pake.

Usicheke. Aliyecheka anatosha. Mama Vioo alikuwa anapita na kipande cha kioo, akaniona dirishani. "Bi harusi, kikombe hicho kina bahati kuliko wanaume wa mtaa mzima!" Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akanyamaza ghafla, akarudi kwake kukata vioo.

Nimefurahi pia kwamba kaka yako amepata chumba cha kupanga. Usidhani nina roho mbaya kwa shemeji. Nilichosema ni kwamba ndoa changa ni kama gundi mbichi, ikishikwa na mikono mingi haigandi. Na mlevi mpole bado ni mlevi.

Palipopita sindano, uzi hupita. Rudi upesi unishone.

Wako,
Uzi


Ijumaa, 7 Juni

Uzi wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimepiga magoti kati ya viti. Mia mbili na arobaini, vyote vinataka sponji mpya na kitambaa, na kila nikimaliza kimoja nakikalia kidogo nikikuwaza. Msimamizi anadhani nakagua kazi.

Ila nisikilize, mpenzi. Nyuma ya sponji usiende tena. Kuna misumari imemwagika, itakuchoma. Kikombe kiache kilipo, usikioshe. Na ukienda karakanani nenda alasiri, asubuhi usiende. Ni mambo ya kifundi, nitakueleza nikirudi.

Mama Vioo msalimie. Ni mtu mzuri, ila asikuchoshe na maneno.

Wako,
Sindano


Alhamisi, 13 Juni

Sindano yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Karakana imeungua. Juzi Jumanne, asubuhi watu wanafungua maduka. Sponji haiungui kama mbao, mume wangu, inayeyuka na kudondoka, na moshi wake ni mweusi kama lami. Nilipofika, cherehani ilikuwa imebaki mifupa. Kochi jekundu limebaki springi tu, zimesimama wima kama zinashangaa.

Hayo ni mali, na mali hutafutwa. La kuniliza ni Mama Vioo. Alikuwa nje akikimbilia dirisha letu, kioo kikapasuka kwa joto, kikamrukia usoni. Jicho la kushoto limepona kwa bahati. La kulia wamelifunga. Mikono yake ina malengelenge mpaka kwenye viwiko. Miaka yote anakata vioo hajajichora hata kidole, leo kioo chetu ndicho kimemkata. Paa la duka lake nalo limeanguka.

Lakini tuna bima! Nimeitoa sandukuni, nimeisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Ina sehemu mbili, moja ya mali yetu, nyingine ya madhara ambayo karakana yetu itawaletea watu wengine. Hiyo ya pili ndiyo ya Mama Vioo. Unaona ulivyo na akili? Nilijua nimeolewa na mtu makini.

Mkaguzi wao alikuja jana. Kijana mtaratibu, viatu vyake vimeharibika kwa majivu na hakulalamika. Aliniuliza habari za karakana, nikashindwa kujizuia, nikalia na kumsimulia yote, jinsi ninavyokuletea chakula cha mchana, jinsi unavyoshona mimi nakuchambulia misumari. Aliandika kila neno. Nadhani aliguswa.

Njoo nyumbani. Hata siku mbili.

Wako,
Uzi


Jumanne, 18 Juni

Uzi wangu,

Nimesoma mara mbili, nikaweka nyundo chini. Pole, mke wangu. Pole sana kwa Mama Vioo.

Kuja siwezi. Nikiondoka sasa kazi hii watampa mwingine, na ndiyo imebaki. Isitoshe kibarua mwenzangu hapa ana kidonda kibaya mkononi, namfunga bandeji kila jioni, hana mtu mwingine.

Niambie, mkaguzi aliokota nini? Na ulimwambia nini hasa, neno kwa neno? Kama wamekuta sufuria, sema ni ya kuchemshia gundi. Jiko pia ni la gundi. Blanketi ni la kufunikia makochi yasishike vumbi. Sema hivyo tu, usiongeze pambo.

Mtu mwingine yeyote ameonekana pale?

Wako,
Sindano


Jumanne, 2 Julai

Kwa Mwenye Bima, kwa kupitia mke wake

Yahusu: Madai ya moto, karakana ya makochi

Tumepokea madai yenu ya mali iliyoteketea, pamoja na ya madhara aliyopata jirani yenu. Tunasikitika kuwajulisha kwamba Kampuni imeyakataa yote mawili.

Sharti la saba la mkataba linataka jengo litumike kwa kazi tu, na kwamba mtu yeyote asiishi wala kulala ndani yake. Katika majivu mkaguzi wetu amekuta sufuria, jiko dogo la mafuta, kikombe cha bati na kipande cha blanketi. Zaidi ya hayo, mke wa mwenye bima alitamka mbele yake, nanukuu: "Mimi na mume wangu tunakaa humu, raha yetu yote imo humu."

Kampuni pia haijaelewa kwa nini jirani alikimbilia dirisha la jengo linalowaka ambalo, kwa maelezo yenu, halikuwa na mtu.

Mnazo siku thelathini za kukata rufaa kwa maandishi.

Afisa Madai


Ijumaa, 5 Julai

Mheshimiwa Afisa Madai,

Naitwa mke wa fundi makochi. Cheo hiki ninacho kwa wiki kumi tu, kwa hiyo unisamehe nikikitaja mara nyingi.

Umetunyima haki kwa ajili ya neno moja, nalo ni langu. Nilisema tunakaa humu. Ni kweli, tulikuwa tunakaa! Yeye kwenye kigoda chake akivuta uzi, mimi kwenye gunia la vipande vya kitambaa. Lakini Mheshimiwa, wewe hapo ofisini unakaa kwenye kiti, na sidhani kama umehamia humo na familia yako. Ukimwambia mgeni "kaa hapa, nakuja," hujampa nyumba. Nguo ikimpendeza mtu tunasema imemkaa. Kuku hukaa juu ya mayai. Hata mwiba hukaa mguuni, na hakuna anayeudai kodi. Kukaa si kuishi. Tunaishi mtaa wa nyuma, chumba na sebule, na ukitaka ushahidi njoo uone mapazia niliyoyashona mwenyewe kabla ya harusi, upande mmoja umepinda.

Sufuria ni ya kuchemshia gundi. Jiko ndilo la kuichemshia. Blanketi ni la kufunikia makochi. Kikombe ni cha mume wangu, nakijua kwa sababu ambayo sitaiandika kwenye barua ya kiofisi.

Unauliza kwa nini jirani yetu alikimbilia dirisha. Hilo mimi naona aibu kulijibu. Kuna watu, Mheshimiwa, ambao wakiona moto kwa jirani miguu yao haiulizi kama ndani kuna mtu. Yeye sasa amelala wodini, uso umefungwa, na daktari anasema jicho halina subira. Mimi na mume wangu tutashona makochi mengine. Jicho halishonwi mara mbili.

Tafadhali soma tena neno langu.

Mke wa fundi


Ijumaa, 19 Julai

Kwa Mke wa Mwenye Bima

Yahusu: Rufaa yako

Barua yako imesomwa kwa sauti mbele ya wakuu wangu. Kampuni imekubali kwamba neno ulilotamka lina maana zaidi ya moja na kwamba mkaguzi hakukuuliza ulikusudia ipi. Maelezo kuhusu sufuria, jiko na blanketi yamepokelewa.

Ili uamuzi wa kwanza ufutwe, tunahitaji hati mbili za kiapo, yako na ya mume wako, zilizothibitishwa na wakili, kwamba hakuna mtu aliyeishi, aliyelala wala aliyepika ndani ya jengo hilo. Hati zote mbili zikifika, gharama za matibabu ya jirani zitalipwa kwanza.

Nakutakia ndoa njema.

Afisa Madai


Jumanne, 23 Julai

Sindano yangu, Sindano yangu!

Tumeshinda! Kwa neno moja! Mwalimu wangu wa lugha angekuwa hapa ningemkumbatia mpaka miwani imdondoke. Nakuletea nakala ya barua yangu na ya Afisa, uzisome mpaka zichakae. "Nakutakia ndoa njema." Afisa wa bima, jamani!

Kiapo changu nimeapa leo. Wakili alinisomea polepole: hakuna mtu aliyeishi, aliyelala wala aliyepika. Nikasema ndiyo kabla hajafika kwenye nukta. Akaniambia, "Mama, usiwe na haraka, hiki ni kiapo." Nikamwambia mimi siku hizi ni mtu wa viapo, nimetoka kuapa kingine juzijuzi na sijakijutia. Mpaka karani alicheka.

Karatasi yako hii hapa. Tafuta wakili huko, weka sahihi, irudishe na basi la kwanza. Jicho la Mama Vioo linangoja upasuaji, hospitali inangoja Kampuni, Kampuni inangoja mkono wako. Mkono wako! Ule ule ulionivisha pete. Nikiwaza hivyo nasikia joto.

Kesho naenda wodini kumpa habari.

Wako, wako, wako,
Uzi


Jumatano, 24 Julai

Mume wangu,

Sikungoja ujibu ya jana.

Nilimkuta ameketi, uso umefungwa upande, mikono imefungwa kama ya mwanasesere. Nikamsomea barua yangu kwa Afisa tangu juu. Kwenye kuku na mayai alitabasamu. Nilipofika kwenye sufuria akaninyamazisha.

"Sufuria ya nini?"

"Ya gundi, Mama. Ya kuchemshia gundi."

"Nani kakwambia?"

"Mume wangu."

Akaegemea mto. "Mwanangu, nimeshirikiana ukuta na mume wako miaka tisa. Gundi yake inatoka kwenye kopo, inapakwa hivyo hivyo na brashi. Gundi ile ukiiweka jikoni hutabaki na nyusi. Ndiyo kwanza unaingia kwenye kazi hii, hukujua. Yeye anajua."

Nikamuuliza, basi ilikuwa ya nini? Akasema, "Ya chai. Shemeji yako alikuwa anapika chai humo kila asubuhi. Ananawa uso kwenye bomba langu, ananiamkia kwa heshima, anarudi ndani. Miezi minne. Siku ile nilipoona moshi nilijua yumo. Nilikimbilia dirisha nikaanza kulipiga kwa viganja, namwita, toka, toka! Kumbe alishatokea mlango wa nyuma. Lililonijibu ni dirisha."

Nikasema, "Mama, mbona hukumwambia mkaguzi?"

Akanigeuzia jicho lake zima. "Bi harusi, nina jicho moja linaloona na moja linalongoja karatasi. Wewe ungemwambia?"

Niliikunja barua yangu. Akanipapasa kwa ile mikono ya bandeji, yeye mgonjwa akinifariji mimi. "Usinifanye nijute kusema. Nimesema kwa sababu ya sufuria tu. Sikupenda ufanywe mjinga kwa sufuria."

Barua zako nimezitandaza kitandani, nazisoma upya. Asubuhi usiende. Kikombe usikioshe. Kibarua mwenye kidonda.

Nimeapa, unasikia? Mbele ya mtu, kwa sauti, nikicheka.

Nijibu swali moja tu. Kikombe nilichokibusu kilikuwa cha nani?

Mkeo


Jumatatu, 29 Julai

Mke wangu,

Kilikuwa cha kaka.

Chumba cha kupanga hakikuwepo. Mama yetu alipokuwa anakata roho alinishika hapa kwenye kola, akasema ndugu yako asilale nje. Kisha nikakupata wewe, hata kabla ya harusi ukaniambia habari ya gundi mbichi, na ulikuwa umefurahi sana. Sijawahi kuona mtu amefurahi hivyo kwa sababu yangu. Niliogopa kuigusa furaha hiyo. Nikasema nimlaze karakanani mwezi mmoja, nitakueleza taratibu. Mwezi ukazaa mwingine.

Sharti la saba nililijua. Nilijiambia, nani atajua?

Kibarua ni yeye. Alifika hapa kwa miguu na kwa lori, mkono umechunika. Hajagusa pombe tangu siku ile. Anashona viti kwa mkono mmoja, na akisikia kitu kimepasuka anajificha. Habari ya jicho la Mama Vioo nilimwambia juzi tu.

Kiapo nimeapa. Wakili hakuniuliza kitu, alikuwa na haraka ya chakula. Karatasi hii hapa. Ukiipeleka, Mama Vioo atapasuliwa. Usipoipeleka utakuwa umesema ukweli, na sitakulaumu. Amua wewe. Mwenye maneno kati yetu ni wewe.

Nisamehe, Uzi.

Sindano


Ijumaa, 30 Agosti

Mume wangu,

Umenikabidhi karatasi ukajitoa, kama ulivyonikabidhi karakana. Nilitembea nayo kwenye mkoba siku nne. Siku ya tano nikapita wodini kwanza. Mama Vioo hakuniuliza chochote. Aliniuliza tu kama nje kuna jua.

Nikaenda.

Afisa Madai ni mzee mwenye sweta, nilimdhania kijana. Aliposikia mimi ni nani alisimama. "Kumbe ndiye wewe!" Akawaita wenzake waje wanione. Mstari wangu mmoja wameupiga chapa na kuubandika ukutani juu ya kabati la mafaili: Kukaa si kuishi. Walinipigia makofi, mume wangu. Kisha akaketi, akafungua wino wa muhuri, akasema, "Ni utaratibu tu, mama. Kwa hiyo hakuna aliyelala humo?"

Nikasema, "Hakuna."

Safari hii sikuwa na haraka. Nilimngoja amalize mpaka kwenye nukta.

Mama Vioo walimpasua wiki iliyofuata. Daktari anasema angepasuliwa mwanzoni mwa Julai ingekuwa jambo jingine. Ule mwezi mzima nilioutumia kumtetea kuku na mayai yake ndio uliolila jicho. Sasa anaona mwanga. "Naona dirisha," aliniambia, "ila aliyesimama mbele yake simwoni." Kukata vioo ndiyo basi. Hajatulaumu kwa neno hata moja, na afadhali angetulaumu.

Mkaguzi amerudisha vilivyookotwa, kwenye mfuko, vimeandikwa "mali ya mwenye bima." Kikombe kimo. Ukingo wa buluu umebambuka wote. Nimekiweka kwenye rafu. Sijakiosha.

Shemeji aje nawe. Nimemtandikia sebuleni, chini ya dirisha lenye pazia lililopinda. Pale pale alipotakiwa kulala tangu mwanzo, kama si ulimi wangu. Nimejaribu kukulaumu wewe peke yako, na kila lawama nikiishika ncha yake moja inanichoma mimi. Nilifurahi kwa sauti kubwa mno. Mtu hawezi kumwambia ukweli aliyefurahi hivyo.

Kwa hiyo sitaondoka. Ukirudi utakuta chakula, utakuta maji ya kuoga. Nitakuchambulia misumari. Watu wakiniuliza habari zetu nitawajibu kwamba tunakaa pamoja, na sitakuwa nimeongopa.

Maana ya neno hilo hutaniuliza. Nakala unayo.

Mkeo